Kiwavi Hufa Anapojivua

Mazungumzo mbele ya wenyeviti na makatibu wa vyama vya msingi



Nimetakiwa nizungumze nanyi juu ya dawa zinazozuia ukuaji wa wadudu, dawa ambazo huzusha manung'uniko mengi. Mkulima hununua dawa, hunyunyizia mahindi yake jioni, na asubuhi hukuta viwavi wangali hai. Husema kwamba chama kimemuuzia maji. Hurudi kukopa dawa nyingine, na deni lake huongezeka kabla hajavuna hata gunia moja. Mara nyingi dawa ile ilikuwa nzima. Kilichokosekana ni maelezo.

Adui ninayemkusudia ni kiwavijeshi vamizi. Asili yake ni Amerika. Alitambuliwa Afrika Magharibi mwaka 2016, na mwaka 2017 alikuwa amekwisha ingia Tanzania na Kenya. Tunamjua kwa alama ya herufi Y iliyopinduliwa usoni, na madoa manne yaliyopangwa kama mraba karibu na mkia.

Ili tuielewe dawa, hatuna budi kwanza kuielewa ngozi ya kiwavi. Mifupa yetu sisi imo ndani ya mwili, nayo hukua pamoja nasi. Kiwavi hana mfupa. Ngozi yake ndiyo imshikayo, na ngozi hiyo haitanuki ila kidogo tu. Mwili ukiijaza, lazima aivue na kuvaa nyingine kubwa zaidi. Kiwavijeshi vamizi kwa kawaida hupita hatua sita, na kutoka hatua moja hadi nyingine hujivua.

Amri ya kujivua hutolewa na homoni iitwayo ekidisoni. Wataalamu wa Kijerumani, Butenandt na Karlson, waliitenga mwaka 1954. Katika kilo 500 za nondo wa hariri waliokuwa bado hawajatoka katika vifukofuko, walipata miligramu 25 tu. Homoni hiyo ikipanda, kiwavi huacha kula, na ngozi mpya hujengwa chini ya ile kuukuu. Ikishuka, ngozi kuukuu hupasuka, naye hutoka.

Hapo ndipo dawa zetu zinapomvizia. Kundi la kwanza, kama diflubenzuroni na lufenuroni, huzuia utengenezaji wa kaitini, kitu kinachoipa ngozi ya mdudu nguvu. Kiwavi hujivua kwa wakati wake, lakini ngozi mpya ni dhaifu kama karatasi iliyolowa. Hupasuka akavuja maji ya mwili, au hushindwa kujinasua, akafa. Kundi la pili, kama methoksifenozidi, huiga homoni yenyewe. Amri hutolewa kabla ya wakati, wala haiondolewi. Kiwavi huacha kula, huanza kujivua asiweze kumaliza, akafa kwa njaa na kukauka.

Ndugu wajumbe, kutokana na hayo tunapata mafunzo matatu.

Kwanza, wakati. Wahenga walisema: samaki mkunje angali mbichi. Dawa hizi hufaa kwa viwavi wadogo, ambao bado hawajajificha ndani kabisa ya moyo wa mmea. Majani mengi huliwa na viwavi wa hatua za mwisho. Kumwua aliyekwisha shiba ni kufunga zizi baada ya ng'ombe kutoroka. Basi mashamba yakaguliwe tangu mahindi yanapochipua, na vyama viagize dawa kabla ya msimu, si baada ya kilio.

Pili, subira. Dawa ya kundi la kwanza hungoja siku ya kujivua, na mpaka siku hiyo kiwavi aweza kuendelea kula. Mkulima aandike tarehe aliyonyunyizia, akague baada ya siku tano hadi saba, ndipo aamue. Asiichanganye na sumu nyingine kwa hasira ya siku moja.

Tatu, uangalifu. Dawa hizi hufanya kazi hasa zikiliwa. Kwa hiyo zifike katika majani na katika moyo wa mmea. Kundi moja lisitumiwe mfululizo, wadudu wasije wakawa sugu. Kamba na kaa nao wana kaitini, nao hujivua. Mabomba yasioshwe mtoni wala bwawani. Na ingawa mwanadamu hana ngozi ya kujivua, dawa ni dawa: maelekezo ya kibandiko yafuatwe, pamoja na siku za kungoja kabla ya kuvuna.

Nawaomba makatibu na watunza ghala jambo moja. Mnapomkabidhi mwanachama chupa, mwambieni pia ni dawa ya kundi gani, inyunyiziwe lini, na angoje siku ngapi. Maneno hayo hayana bei, lakini yatamwokoa na deni la pili.