Posho ya Kuaga

 

Majira ya mvua yaliyopita nilikuwa njiani kwenda Mitwaba. Tulipopita Mufunga-Sampwe lori letu likazama topeni hadi ekseli, tukashuka. Tukiwa tumesimama hapo, wakatokea wanaume watatu na kinga moja, yaani baiskeli, lenye mifuko miwili ya mahindi. Mmoja anavuta kwa kamba mbele, wa pili ameshika fimbo iliyofungwa kwenye usukani, wa tatu anasukuma kwa mabega. Walikuwa wamelala njiani siku mbili. Nikamuuliza mkubwa wao: baba, watu watatu kwa mifuko miwili? Akapangusa uso akanijibu: "Mahindi iko mingi, mwana yangu. Njia njo hakuna."

Neno hilo sijalisahau. Nimerudi hapa Lubumbashi, mji ambao bukari wake, yaani ugali, mara nyingi ni wa mahindi yaliyovuka mpaka wa Kasumbalesa kutoka Zambia, na kila nikiona bei ya unga imepanda namkumbuka yule mzee. Ndiyo sababu leo nataka tuzungumze juu ya serikali inavyosaidia watu wake uchumi unapoanguka. Katanga imeanguka mara nyingi, na kila mara tumepewa dawa.

Tuanze na babu zetu. Mwaka 1929 ratili ya shaba iliuzwa senti 18 za Marekani. Kufika 1932 ilikuwa chini ya senti 6. Union Minière, kampuni ya migodi ya Wabelgiji iliyotoa tani 139,000 hivi mwaka 1930, ikashuka hadi tani 54,000 hivi mwaka 1932. Zaidi ya nusu ya wafanyakazi wake waliondolewa, na wengi wakarudishwa vijijini. Wabelgiji waliona kijiji ni ghala: bei ikianguka, mtu anarudishwa ghalani, bei ikipanda, anachukuliwa tena. Kisha Desemba 1933 ikatoka dekreti iliyoruhusu mwanakijiji alazimishwe kazi hadi siku 60 kwa mwaka, mashamba ya lazima yakiwemo. Kwa hiyo mtu aliyetolewa mgodini alifika kwao akakuta kodi inamngoja, na jembe la amri pembeni yake.

Mwaka huohuo wa 1933, Marekani nayo ilikuwa imejaa vijana wasio na kazi. Rais Roosevelt akafungua makambi ya kazi porini. Vijana wapatao milioni tatu walipita humo hadi 1942, wakapanda miti kwa mabilioni, wakatengeneza njia na kuzuia mmomonyoko wa udongo. Kijana alilipwa dola 30 kwa mwezi, na dola 25 hivi katika hizo zilipelekwa moja kwa moja kwa wazazi wake. Angalieni hesabu hiyo: mama amepata unga mwezi huu na mwezi ujao, kijana amepata kazi, na nchi imepata msitu na njia. Programu ile ilikuwa na kasoro zake, hata vijana weusi walitengwa katika makambi yao. Lakini pesa ilipita mkononi mwa mtu ikaacha kitu nyuma.

Sasa tuje kwa baba zetu. Wengi mnaonisikiliza mlizaliwa katika hospitali ya Gécamines, kampuni iliyorithi Union Minière, mkasoma shule ya Gécamines, mkala posho ya Gécamines. Profesa Dibwe dia Mwembu, wa chuo kikuu chetu cha hapa, aliandika kitabu mwaka 2001 juu ya Bana Shaba, yaani watoto wa shaba, walioachwa na baba yao, na kichwa hicho tu kilimgusa kila mtu wa makambi ya wafanyakazi. Kampuni iliyotoa zaidi ya tani 470,000 za shaba mwaka 1986 ilikuwa imebakiwa na tani 30,000 hivi mwaka 1994. Katikati hapo mgodi wa Kamoto uliporomoka mwaka 1990, uporaji ukaja 1991, kisha ndugu zetu wa Kasai wakafukuzwa. Mishahara ikasimama miezi na miezi.

Dawa ikaja Agosti 2003. Iliitwa Opération Départs Volontaires, yaani kuondoka kazini kwa hiari, kwa pesa za Benki ya Dunia. Hadi mwanzo wa 2004 watu 10,655 waliondoka kazini. Walipewa pesa ya mara moja, kila mtu kwa kiasi chake, na jumla ilikuwa dola milioni 43 hivi. Wengi walisema hesabu haikulingana na miaka yao ya kazi. Wakaunda kolektivu, na mwaka 2009 malalamiko yao yakafika kwenye jopo la ukaguzi la Benki ya Dunia yenyewe.

Mimi sitaki kubishana leo juu ya kiasi. Natazama namna. Watu elfu kumi, katika miji ileile, kwa miezi ileile, walitupwa sokoni na wazo lilelile: taksi, duka, mashine ya kusaga. Mashine ya kusaga inataka mahindi. Mahindi yalikuwa wapi? Yalikuwa kaskazini mwa Katanga, na miaka ileile kaskazini ilikuwa inaungua. Manono, Mitwaba na Pweto ziliitwa pembetatu ya kifo. Watu walikimbia vijiji vyao wakajaa makambi ya wakimbizi, hadi Gédéon, kiongozi wa Mai-Mai, alipojisalimisha palepale Mitwaba Mei 2006. Mjini tulimpa baba pesa ya kuanza maisha, na shamba ambalo lingemlisha likawa uwanja wa vita. Ile ilikuwa posho ya kuaga. Mtu alisaidiwa kutoka, na hakuna aliyetengeneza mahali pa kuingia.

Mwaka 2008 shaba ikaanguka tena, kutoka karibu dola 9,000 kwa tani mwezi wa saba hadi chini ya 3,000 mwezi wa kumi na mbili. Gavana Moïse Katumbi akayataka makampuni ya madini yalime kila moja hekta 500. Wazo lilikuwa jema, maana liliunganisha mgodi na chakula. Lakini shamba la kampuni linafuata kampuni. Mkulima wa Mitwaba alibaki na kinga lake.

Leo tuna programu ya maendeleo ya maeneo 145, yenye bajeti ya dola bilioni 1.66: shule, vituo vya afya, ofisi za utawala, barabara za mashambani. Mitwaba ni moja ya maeneo hayo. Tuna pia sheria ya madini ya 2018, inayogawa mrabaha: asilimia 50 Kinshasa, 25 provinsi, 15 mahali panapochimbwa, 10 mfuko wa vizazi vijavyo. Ile 15 inafuata shimo. Penye shimo kubwa, pesa. Penye mahindi, tope.

Waheshimiwa wabunge wa provinsi yetu, nawaomba jambo moja. Bei inapokuwa nzuri, tengeni kila mwaka fungu katika ile asilimia 25 yetu, lisiguswe. Bei itaanguka, maana huanguka. Kobalti imetuonyesha juzi tu, hadi serikali ikasimamisha kuiuza nje Februari 2025. Siku bei ikianguka fungu lifunguliwe, na kila anayepoteza kazi Likasi au Kambove alipwe mwezi kwa mwezi kutengeneza njia ya Mitwaba: mitaro, makalvati, madaraja. Mshahara ufike nyumbani, watoto walipiwe minervali ya shule. Na kazi ikirudi mgodini, njia ibaki.

Wale wanaume watatu tuliwaacha njiani. Walisaidia kusukuma lori letu, nasi tukawapandishia kinga lao kilima kimoja. Mzee akatushukuru, akashika tena kamba yake. Mbele yao kulikuwa na vilima vingine vingi.