Dhahabu ya Kudunduliza: Mkono kwa Mkono

  

Ndugu zangu waheshimiwa, mama zetu na dada zetu mlio nyuma ya pazia, nanyi mnaotufuatilia kutoka Muscat, London na Toronto: jana niliahidi darsa la zaka. Lakini baada ya Tarawehe vijana watatu walinizuia mlangoni, na maswali yao yote matatu yalikuwa ya dhahabu. Nikaona zaka ingoje kidogo, kwani mtu huanza kwa kuijua njia iliyomletea mali yake, ndipo akaitolea haki.

Sisi watu wa pwani hatukuijua dhahabu leo. Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331, mji ule ulikuwa ukineemeka kwa dhahabu ya Sofala, na Sultani al-Hasan bin Sulaiman alipiga sarafu za dhahabu kwa jina lake. Sayyid Barghash naye alipiga sarafu za dhahabu za Unguja katika mwaka 1299 wa Hijria. Bibi zetu waliweka akiba yao katika vidani na vipini. Leo kijana anayelinda mlango wa jengo hapa Satwa anavuka hori kwa abra ya dirhamu moja, anafika soko la dhahabu la Deira, anarudi na kipande cha gramu moja ndani ya kadi iliyofungwa. Tunalolitafuta usiku huu ni kama bei ile imesihi.

Amesimulia Ubada bin Samit (R.A.), katika Sahihi ya Muslim, kwamba Mtume (S.A.W.) ameamrisha dhahabu iuzwe kwa dhahabu uzito kwa uzito, na zikitofautiana jinsi, basi tuuze tutakavyo maadamu ni mkono kwa mkono. Noti za leo zimechukua nafasi ya dinari na dirhamu. Hivyo ndivyo ilivyoamua Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu katika kikao chake cha Amman mwaka 1986. Kwa hiyo anayenunua dhahabu kwa dirhamu hana budi kulipa zote na kupokea kipande chake kabla hawajaachana na muuzaji.

Swali la kwanza lilikuwa la arbuni. Duka linakwambia, weka sehemu ya kumi ya bei leo, tutakushikia bei hii, utamaliza mwisho wa mwezi. Likiwa ni bei iliyokwisha kufungwa, haifai, kwa kuwa malipo yamecheleweshwa na dhahabu imecheleweshwa. Ikiwa ni ahadi tu isiyomfunga yeyote, na fedha yako ni amana unayoweza kuidai yote, na siku ya kuchukua mnafunga bei upya, hapo pana nafasi. Lakini someni karatasi mnayotia saini. Nimeonyeshwa mbili tatu, na zote zilikuwa bei iliyofungwa.

La pili ni la kadi. Kadi inayokata fedha yako mwenyewe benki papo hapo haina tatizo. Kadi ya mkopo isiyo na fedha nyuma yake, Majmaa hiyohiyo ilikataza katika kikao cha Riyadh mwaka 2000 isinunuliwe dhahabu. Na hapa niongeze jambo ambalo hakuniuliza mtu. Mnapeleka bangili kuukuu za mke mnabadilishana na kipande kipya, mnaongeza tofauti. Hiyo ni dhahabu kwa dhahabu na ziada juu yake. Njia ni ile Mtume (S.A.W.) aliyomwelekeza mtu aliyemletea tende nzuri za Khaybar alizozibadilisha kwa tende duni zilizo nyingi zaidi: uza ulichonacho, pokea thamani yake mkononi, kisha nunua. Sonara atacheka, atasema ni yale yale. Mwache acheke, ahesabu noti.

Swali la tatu ndilo lililonishughulisha zaidi, la upatu. Vijana watano wanakaa chumba kimoja. Kila mwezi kila mmoja anatoa, mmoja anapokea na kununua gramu kumi. Upatu wa dirhamu ni mkopo mwema baina yenu: kila mtu atoe kiasi kilekile mpaka mzunguko uishe, na anayepokea ajinunulie mwenyewe. Wao walikuwa wamekubaliana kwamba kila mmoja atoe thamani ya gramu mbili kwa bei ya siku. Dhahabu ikapanda, na wa mwisho akawa amepokea dirhamu nyingi kuliko wa kwanza, nao wakaacha kuamkiana. Mkopo wa dirhamu hurudi kwa dirhamu, idadi kwa idadi. Mkitaka upatu wa dhahabu, basi toeni dhahabu yenyewe, gramu kwa gramu. Niliwakalisha, tukapiga hesabu upya, na alhamdulillahi jana nimewaona katika safu moja.

Sasa la mfukoni. Kila kipande kina ujira wa kutengenezwa juu ya bei ya dhahabu, na kadiri kipande kinavyokuwa kidogo ndivyo ujira kwa kila gramu unavyokuwa mkubwa. Chukueni mfano wa hesabu tu, si bei ya leo: ujira wa gramu moja ukiwa dirhamu 25, vipande kumi vimekugharimu 250, kipande kimoja cha gramu kumi huenda ujira wake ni 60. Siku ya kuuza, ujira huo haurudi wote, mara nyingine haurudi kabisa. Mimi mwenyewe nilikuwa nikinunua gramu moja kila nilipopata nafasi, na nilipohitaji ada ya mwanangu nikaviuza vyote. Hasara niliyoipata ilinifundisha mizani. Anayeweza kuzuia mkono wake akusanye mpaka gramu tano au kumi. Mwenye mfuko unaovuja, anunue gramu moja, maana ujira wa sonara ni mdogo kuliko dirhamu zinazoyeyuka migahawani.

Zaidi ya hapo, tangu Januari 2018 hapa kuna kodi ya asilimia 5. Dhahabu ya uwekezaji yenye usafi wa asilimia 99 na kuendelea hutozwa sifuri, mapambo hulipiwa. Pauni ya Kiingereza, ambayo wazee wetu waliipenda, ni ya karati 22: ina uzito wa gramu 7.98, na dhahabu halisi ndani yake ni gramu 7.32. Haifiki usafi huo. Risiti iandikwe uzito, usafi na nambari ya kipande, nayo isikae pamoja na dhahabu.

Nimesema risiti, na nina sababu. Ndugu yetu mmoja alikwenda Mombasa likizo, akafia huko, Mwenyezi Mungu amrehemu. Aliacha kisanduku kwa mwenzake wa chumba, vipande saba ndani yake. Mwenzake mwingine akaja kwangu akilia, akasema viwili ni vyake, alimpa marehemu amnunulie. Hapakuwa na maandishi, hapakuwa na shahidi, na risiti zote zilikuwa kwa jina la marehemu. Mdai hubeba ushahidi, na warithi walikuwa mama, mjane na watoto wawili wadogo. Mama na mjane walisema kwa simu kwamba wanamwamini, wakaachia katika mafungu yao. Lakini fungu la watoto halikuwa mkononi mwa yeyote kusamehe. Alikubali kupokea pungufu. Mstari mmoja wa wasia ungelitosha. Kwa hiyo usiku huu, kabla ya kulala, kila mwenye kipande kimoja aandike: changu ni hiki, cha fulani ni hiki, na kipo wapi.

Na zaka, kwa ufupi hadi kesho. Nisabu ni gramu 85 za dhahabu safi, nawe unaunganisha vipande na fedha taslimu uliyonayo. Ukitimiza mwaka wa mwezi mwandamo, hutoa asilimia mbili na nusu; katika gramu 85 ni gramu 2.125. Msiniletee hapa hitilafu ya pambo la mwanamke katika madh'hebu yetu ya Shafii. Hiyo ni ya kinachovaliwa. Kipande kilichofungwa kwenye kadi hakivaliwi na mtu.

Kuna mkono umenyooka nyuma. Ndiyo? Ndugu yetu anauliza kuhusu kusafiri nacho. Kwa kutoka na kuingia hapa, madini ya thamani yanayozidi dirhamu 60,000 hutangazwa forodhani. Na kule nyumbani ulizeni forodha kabla ya safari, msiwaulize abiria wenzenu. Mengine tuyaweke kesho baada ya Tarawehe. Tusimame, tuswali witri.