Baridi Ina Koti

Msikilizaji, kati ya baridi kali ya Montreal mwezi Januari na fukuto la Muscat mwezi Julai, kipi afadhali? Nasimama upande wa baridi. Mwili hujipoza kwa jasho, na jasho hupoza pale tu linapokauka. Hewa ikishajaa unyevu, jasho hutiririka bure. Wanasayansi hupima hali hiyo kwa kipimajoto kilichofungwa kitambaa chenye maji: kikifika nyuzi 35, hata kijana mwenye afya, akiwa kivulini na anakunywa maji, hawezi kuhimili saa nyingi. Hapo hakuna nguo ya kuvua. Ndiyo maana Oman hupiga marufuku kazi za juani saa za mchana kuanzia Juni hadi Agosti.

Nitaambiwa kwamba duniani baridi huhusishwa na vifo vingi kuliko joto. Ni kweli, tena kwa mbali. Lakini vingi ni vya maradhi ya moyo na mapafu, na hutokea hata kwenye baridi ya wastani, penye nyumba duni. Kinga yake inajulikana: koti, blanketi, nyumba isiyopitisha upepo (si jiko la mkaa chumbani, hilo nalo huua). Kinga ya fukuto ni kiyoyozi, nacho hakimfuati fundi juu ya ghorofa inayojengwa.