Video Inamjua Nadia: Masomo ya Bure ya Intaneti na Mwalimu wa Kindu



Nilipoombwa kuzungumza juu ya masomo ya bure ya intaneti, kwanza nilishika kalamu nikapiga hesabu ya hilo neno bure. Somo moja la video la dakika 10, kwa picha ya kadiri ambayo maandishi yake yanasomeka, linakula kama megabaiti 40. Mwanafunzi wa mwaka wa mwisho wa sekondari anayetaka kurudia hisabati kabla ya Mtihani wa Serikali atatazama masomo 50 hivi. Hizo ni gigabaiti 2. Aliyetengeneza masomo hamdai hata franka moja. Anayemdai ni muuza mega. Bado simu inataka chaji, na katika mitaa yetu mingi chaji inalipiwa kwa jirani mwenye paneli ya jua. Kwa hiyo tukisema bure, tujue kwamba bure hiyo ikifika Kindu imekwisha kutozwa nauli njiani.

Nauli hiyo ina dawa, na nitaisema upesi kwa kuwa si ngumu. Video inapakuliwa mara moja na kutazamwa mara elfu. Kadi ya memori ya gigabaiti 32 inabeba masomo 800 ya ukubwa ule niliotaja. Programu kama Kolibri, na kabla yake KA Lite iliyotoka mwaka 2012, zilitungwa kwa ajili ya shule zisizo na intaneti: kompyuta moja ndogo inawekwa darasani, simu zinaunganishwa nayo kwa Wi-Fi, na watoto wanafungua masomo bila kugusa mega. Kiwix inafanya vivyo hivyo kwa Wikipedia. Yote haya yanasafiri mfukoni hadi Kasongo, Punia au Lubutu pamoja na mtu anayesafiri kwa shughuli zake.

Ugumu wenyewe uko kwingine, na ndio ulionifanya nikubali kusimama hapa.

Mnaifahamu Khan Academy, angalau kwa jina. Salman Khan alikuwa mchambuzi wa mambo ya fedha mjini Boston, Marekani. Mwaka 2004 alianza kumsaidia hesabu binamu yake Nadia, aliyekuwa mbali naye, New Orleans. Watoto wengine wa ukoo nao wakataka, saa zikamshinda, na mwaka 2006 akaanza kurekodi masomo yake na kuyaweka YouTube. Shirika lenyewe lilianzishwa mwaka 2008. Baadaye Bibliothèques Sans Frontières ya Ufaransa ikayaleta kwa Kifaransa, ndiyo maana sisi huku tunaweza kuyatumia. Ninachopenda katika habari hii ni Nadia. Masomo yale yalianza kwa mtoto mmoja, na mwalimu wake alijua anakwama wapi, shuleni kwao wanaandikaje, mtihani wao unaulizaje. Video inamjua Nadia. Mtoto wa Mikelenge hapa Kindu haimjui.

Niwape kisa changu. Nilikuwa na wanafunzi zaidi ya 40 wamezunguka laptop moja, walio nyuma wakiwa wamepanda juu ya madawati. Video ilikuwa nzuri, Kifaransa chake safi kuliko changu. Zoezi lilitaka thamani zote za x zilizo kati ya 2 na 5, bila 2 yenyewe wala 5 yenyewe. Mwishoni ikaandika jibu: (2, 5). Mimi nilikuwa nimeinama kwenye waya wa betri. Msichana mmoja wa mbele akaniita, "Mwalimu, sasa hiyo nukta tunaiweka wapi kwenye mihimili?"

Nilitaka kumkemea kwamba hakusikiliza. Kumbe alisikiliza kuliko mimi. Sisi Wakongomani tulirithi maandishi ya Wabelgiji: nafasi iliyo wazi pande zote mbili tunaiandika ]2, 5[, mabano yakigeuza mgongo ndani na uso nje. Mabano ya duara kwetu ni anwani ya nukta. Wamarekani wanatumia mabano hayohayo kwa mambo yote mawili, na aliyetafsiri alitafsiri sauti tu, ubao akauacha kama ulivyokuwa.

Tangu siku ile nikaanza kuwinda mitego ya namna hiyo, na imejaa. Video inaandika 3.5, mtoto wetu anaandika 3,5. Video inaandika tan, daftari letu linaandika tg. Ya kugawanya ndiyo mbaya zaidi, kwa watoto wa darasa la 7 na la 8: kwetu kigawanyo kinakaa kuume na jibu chini yake, katika video nyingi za Kimarekani kigawanyo kinakaa kushoto na jibu linapanda juu. Hesabu ni ileile, jibu ni lilelile, lakini mtoto anayeona tarakimu zikipanda pale alipozoea kuziona zikishuka anadhani amefundishwa uongo, ama na sisi ama na video. Na Mtihani wa Serikali, kwa hisabati, ni wa kuchagua jibu moja kati ya kadhaa. Hakuna mahali pa kumweleza msahihishaji kwamba ulichanganya alama.

Basi mimi siku hizi sionyeshi video ambayo sijaitazama peke yangu nyumbani, karatasi mkononi. Naandika dakika na sekunde za kusitisha. Nikisitisha, nageukia ubao, naandika alama yetu kando ya alama yao, kisha naeleza kwa Kiswahili. Najua sheria ya lugha: Kiswahili ni cha miaka ya kwanza ya shule ya msingi, baadaye ni Kifaransa. Lakini tusidanganyane humu ndani. Anayefundisha Kindu anajua swali la kweli linaulizwa kwa lugha gani. Video ya dakika 10 inanichukua saa nzima, na sioni hasara.

Mtaniuliza, kwa nini tusichukue video za Kiswahili tu? Tuzichukue, kwa wadogo. Ubongo Kids ya Tanzania inafundisha hesabu kwa katuni na nyimbo tangu mwaka 2014, na nyumbani kwangu inapendwa. Ila hata pale kuna kamtego. Mhusika akisema toa mbili, mtoto wangu anamwambia mdogo wake, "Anasema tosha mbili." Kwetu kutosha ni kuondoa, kule Dar es Salaam, mbili zikitosha, hakuna haja ya kuondoa kitu. Sisemi hivi kwa kuona haya. Kiswahili chetu kilipita Kasongo na Nyangwe pamoja na misafara ya karne ya 19, kikakaa na watu wa hapa, kikapata tabia zao. Kinataka mkalimani mdogo tu, na mkalimani huyo ni mwalimu.

Neno moja kwa wafadhili, kama wapo. Shule zilipofungwa Machi 2020, masomo ya Radio Okapi yalifika mahali ambapo hakuna intaneti, kwa sababu redio haili mega na nyumba nyingi tayari zilikuwa nayo. Kitu kilichokwisha kuwamo mikononi mwa watu kinashinda kitu kipya kinachofungiwa kabatini kwa prefe wa shule. Kwa hiyo msituletee tableti 50. Tuleteeni paneli moja, betri moja, diski moja, na malipo ya siku mbili kwa walimu watakaokaa pamoja wakitazama video na kuandika mahali pa kusitisha.

Kazi hiyo mimi nimeianza. Katika laptop iliyo mezani pale kuna masomo ya hisabati ya miaka miwili ya mwisho ya sekondari, na kila somo lina karatasi yake ya dakika na alama. Ya fizikia na kemia sijayagusa. Namtafuta mwenzangu wa kuyafanya. Mwenye kadi tupu ailete wakati wa mapumziko. Betri ina saa tatu.