Mkonge Utufundishe Kihispania

Kijana wa Ngombezi, Korogwe, akitaka kujifunza Kihispania kwa video, aanzie wapi? Wengi huanza na muziki na dansi. Mimi nasema aanze na mkonge.

Asili ya mkonge ni Meksiko. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida. Iliyofika Tanga ikiwa hai ni 62 tu. Hata jina "sisal" ni la bandari ya Yucatán.

Zipo video za Kihispania zinazosimulia mashamba ya huko ya henequén, ndugu wa mkonge wetu, ambako Wamaya walifungwa kazini kwa madeni. Mjukuu wa manamba ataelewa upesi. Jani la mkonge kwao ni penca. Korona ni desfibradora. Neno geni likiegemea kitu unachokijua, halisahauliki.

Lakini kutazama tu si kujifunza. Simamisha video, tamka, andika. Irabu zao ni tano kama zetu.

Kisha tujiulize: wenzetu wamesimulia jasho la wazee wao. Manamba wetu wanaondoka mmoja mmoja, nani atawarekodi?

Kwaherini, hadi juma lijalo.