Ukuta wa Watoto

Hotuba ya Kamati ya Watoto na Vijana, iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka



Katika hesabu zilizosomwa punde mmesikia kwamba Chama kimetoa fedha za kununua rangi, brashi na chokaa kwa ajili ya ukuta ulio kando ya ukumbi wetu. Mzee mmoja aliuliza, tena aliuliza kwa haki, kwa nini Chama ambacho kazi yake ni kuzika wafu, kuwatazama wagonjwa na kuwalipia yatima karo kinunue rangi za kuchezea watoto. Na swali la pili ni hili: je, ile picha ya tingatinga ipakwe chokaa kabla ya wakubwa wa ujenzi kuja kututembelea, au iachwe kama ilivyo? Tumetakiwa kutoa maoni juu ya yote mawili, nasi tutayatoa waziwazi.

Kazi hii haikuanza kwa shauri la Kamati. Ilianza kwa makaa. Watoto walichora ukutani jioni, mlinzi akawafukuza, asubuhi tukapaka chokaa, na jua likitua makaa yamekwisha kurudi. Tulichoka sisi kabla yao. Ndipo mama mmoja katika Kamati aliposema, ikiwa hawana budi kuchora, basi na wachore mchana, kwa rangi, mbele ya macho yetu.

Picha za kwanza hazikutufurahisha. Karibu kila mtoto alichora nyumba moja peke yake juu ya kilima, yenye dohani itoayo moshi, na mti wa tofaa mlangoni. Walizitoa vitabuni. Hapana mtoto wa mtaa huu aliyepata kuishi peke yake juu ya kilima! Kijana aliyewasimamia aliwatoa nje, akawaambia wauzunguke mtaa polepole, kisha warudi wachore walichokiona. Wengine kati yenu mmeliona kanisa la Murang'a, ambamo Bwana Elimo Njau alichora picha tano kubwa ukutani mwaka 1959, akamweka Yesu kati ya watu wa nchi hii na vilima vyao. Yeye alikuwa fundi aliyesoma Makerere, na hawa wetu ni watoto wa shule ya msingi. Walakini njia ni ileile, mtu kuanza na mahali miguu yake iliposimama.

Waliporudi, walichora milango. Kila mtoto alichora mlango wa kwao na namba yake, na rangi yake, na pazia lililofungwa fundo ili upepo uingie, na malapa kizingitini. Mmoja alichora kufuli kubwa kuliko mlango wenyewe, maana kwao wazazi wote wawili walikuwa wakitoka alfajiri. Kati ya milango walichora bomba la maji pamoja na mitungi iliyopangwa mstari, mitungi bila watu, kama ilivyokuwa desturi yetu kuacha mtungi ushike nafasi. Wakamchora mama wa maandazi, na ule mti mkubwa wa kituo cha basi.

Wazee wetu, mwayajua yaliyofuata. Bomba lile liliondolewa. Mti ulikatwa barabara ilipopanuliwa. Mama wa maandazi alirudi kwao, na jamaa nyingi zimehamia Kayole, Umoja na Githurai. Lakini milango ingaliko ukutani, na watu huja kuitafuta. Mwaka jana alikuja mwanamke kijana, mtoto mgongoni, akasimama mbele ya mlango wa buluu, akamshika mtoto mkono na kumgusisha namba iliyoandikwa pale. Yeye ndiye aliyeuchora, naye alikuwa darasa la tatu. Katika nyumba yenyewe siku hizi wanakaa watu wasiomjua.

Sasa twaomba mkumbuke Pangani ya kale. Kijiji kile, ambacho Waafrika walikuwa wamejijengea wenyewe, kilikuwa kimekwisha kubomolewa ilipofika mwaka 1939, na wengi wa watu wake wakahamishiwa Shauri Moyo kuwa wapangaji wa Manispaa. Leo Pangani pana maghorofa. Je, mtoto wa leo ataonyeshwa nini cha kijiji kile? Tumebakiwa na majina tu. Kariokor ni jina la wachukuzi wa jeshi wa Vita vya 1914 hadi 1918, na wengi wanaopita sokoni kununua viondo hawalijui hilo. Jina hudumu, lakini jina halisemi foleni ya maji ilipinda wapi, wala nani alikaa jirani na nani.

Hatusemi kwamba nyumba zetu ni za kuliliwa. Jamaa nzima katika chumba kimoja, choo cha kushirikiana, paa linalovuja tangu baba zetu: hayo hatuyapendi, na nyumba mpya zatakiwa. Watoto wenyewe wamezichora kwa furaha. Wamechora maji yakitoka bombani katika ghorofa ya juu kabisa, na lifti ambayo ndani yake mna pikipiki na abiria wawili. Kamati ilijaribu kueleza kwamba pikipiki haiingii katika lifti, haikusikilizwa.

Hapa yatupasa kukiri kosa letu. Baada ya mafuriko ya Aprili na Mei mwaka 2024, watoto walichora maji meusi yamefika madirishani, na kuku juu ya kabati. Wiki chache baadaye tulikuwa na mgeni wa heshima, tukaona haya, tukaipaka picha ile chokaa usiku. Asubuhi msichana aliyeichora alituuliza, bila hasira yoyote, kama maji machafu ya nyuma ya nyumba zao nayo yameondolewa. Hayakuwa yameondolewa. Mgeni alisifu usafi wa ukuta, tukapiga makofi, na yule msichana hakurudi kuchora kwa miezi mingi. Hatukupata hasara ya rangi tu siku ile.

Basi tuje kwenye tingatinga. Picha hiyo, kama mlivyoiona, yaonyesha mashine ya manjano, na mbele yake mwanamke amebeba godoro kichwani, na mtoto aliyemshika mbuzi kamba. Baadhi ya wanachama wahofu kwamba wakubwa watadhani Chama kinapinga ujenzi, kisha majina yetu yasahauliwe nyumba zitakapogawanywa. Hofu hiyo si ya kipumbavu, na wenye kuhofu hivyo ni watu walioahidiwa mengi. Hata hivyo, mtoto hakuandika neno lolote la kupinga. Amechora swali ambalo kila mama katika mkutano huu amekwisha kuliuliza jikoni kwake: tutalala wapi kati ya kutoka na kurudi? Tukiifuta, tutakuwa tumewaficha wakubwa swali lililowaleta, tena sisi wenyewe. Kibera mwaka 2008 vijana waling'oa reli. Mwaka 2013, kabla ya uchaguzi, vijana wa huko walipaka mabehewa ya gari la moshi rangi na maneno ya amani. Mkono wenye brashi si mkono wa kuogopwa.

Kwa hiyo Kamati yapendekeza picha ya tingatinga iachwe, na wageni wapelekwe mbele yake na Bwana Mwenyekiti mwenyewe. Ukuta utabomoka pamoja na nyumba. Hilo twalijua, na watoto wamekwisha kuambiwa. Twaomba ruhusa upigwe picha wote, kipande kwa kipande, kabla ya siku hiyo, na kila mlango uandikiwe daftarini namba yake na jamaa waliokaa humo. Kadhalika twaomba Chama kiandike barua mapema, kabla ramani hazijakamilika, kutaka ukuta mmoja katika uwanja wa nyumba mpya uachwe bila kitu. Fedha tunazoomba mwaka huu ni za rangi na za mpiga picha, wala hazitagusa mfuko wa maziko.

Jumamosi ijayo, saa tatu asubuhi, watoto watakutana ukumbini. Wazazi wawape mashati makuukuu. Nao wazee wanaokumbuka mtaa ulivyokuwa kabla ya bomba lile kuwekwa, twawaomba waje wakae nao kivulini, wawaeleze maji yalikuwa yakichotwa wapi, maana sehemu ile ya ukuta bado ni tupu.