Kuzuia Wanyama Wasiingie Nyumbani
Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia, Olenguruone

Nimeombwa tuongee juu ya wanyama wanaoingia ndani ya nyumba. Sisi tunapakana na msitu wa Mau, kwa hiyo wageni wa namna hii hawakosi. Tumbili nitamtaja kwa kifupi: fungeni jikoni mnapoenda shamba, na dirishani muweke waya wa kuku. Taabu yetu kubwa ni panya.

Panya hufuata chakula. Baridi ya hapa inatufanya tuweke mahindi na viazi ndani, mara nyingi chini ya kitanda, na kuku nao wanalala jikoni. Halafu tunashangaa! Mahindi yakishakauka sawasawa, yapelekwe ghalani. Ghala liinuliwe kiasi cha mita 1 kutoka chini, na kila mguu uvikwe bati lililokunjwa kama faneli iliyopinduliwa. Na ngazi usiiache hapo imeegemea, maana panya naye anajua ngazi.

Sasa nyumba. Panya mdogo anapita kwenye tundu linaloingiza penseli. Nyumba zetu za mbao zina nafasi pale ukuta unapokutana na mabati. Hapo ndipo anapopitia. Zibeni kwa waya mgumu au saruji. Matambara atayatafuna usiku mmoja. Chini ya mlango pigilieni kipande cha bati.

Juu ya sumu nina uchungu. Mwaka mmoja nilitia sumu ndani ya ugali, nikaificha nyuma ya sanduku. Paka wangu alikula panya aliyekufa, naye akafa. Haukupita muda panya wakawa wengi kuliko kwanza. Namshukuru Mungu ilikuwa ni paka tu, kwa sababu mtoto wa jirani alikuwa akitambaa humo humo. Tegeni mitego, fugeni paka.

Mama mmoja ameuliza: na mnyama wa msituni akiingia mchana bila woga, je? Huyo msimguse, hata akionekana mpole. Huenda ana kichaa cha mbwa. Akikuuma au kukukwaruza, osha kidonda kwa maji mengi na sabuni dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo ukachanjwe. Usingoje dalili, zikishaanza, ugonjwa huo hauna dawa. Chui au fisi akionekana bomani, mwambieni chifu awaite watu wa KWS. Sheria ya wanyamapori ya 2013 inaruhusu fidia kwa aliyeumizwa, lakini ni lazima taarifa iandikishwe.

Haya, tutoke nje tukaangalie ghala la mwenyeji wetu. Nimeona miguu miwili haina bati.